Sura ya Sita: Simu Zilizotangulia Makombora

Jumamosi ya tarehe 31 Agosti 2013, Rais Barack Obama alitokea kwenye bustani ya Ikulu ya Washington akatangaza mambo mawili ambayo marais wa Marekani hawana desturi ya kuyatamka kwa pumzi moja. Alisema amekwisha kuamua kuishambulia Syria, kwa sababu ya gesi ya sumu iliyokuwa imeua mamia ya raia huko Ghouta, kando ya Damascus, siku kumi nyuma. Kisha akasema ataliomba kwanza Bunge la nchi yake, yaani Kongresi, limpe idhini. Manowari zilikuwa zimekwisha kujipanga mashariki ya Bahari ya Mediterania, na dunia ilikuwa inasubiri mlio wa kwanza. Lakini wabunge walikuwa likizo hadi tarehe 9 Septemba. Walikuwa makwao, kwenye mikutano ya hadhara na shughuli za mwisho wa kiangazi, mahali ambapo mpiga kura anaweza kumsogelea mbunge wake na kumuuliza jambo uso kwa uso. Swali la vita, ambalo kwa kawaida huamuliwa na watu wachache wakiwa wamejifungia chumbani, safari hii lilikaa uwanjani zaidi ya wiki nzima.

Simu zikaanza kumiminika. Ofisi za wabunge wa chama cha Democratic na za wale wa Republican zilipokea simu na barua pepe kwa wingi usio wa kawaida kwa jambo la nchi ya mbali, na mbunge baada ya mbunge akatoka hadharani kusema kwamba karibu wote wanaompigia wanapinga. Kura ya maoni ya kituo cha Pew iliyochukuliwa siku hizohizo ilikuta asilimia 29 wakiunga mkono mashambulizi na asilimia 48 wakiyapinga. Seneta John McCain, aliyetaka Marekani ipige kwa nguvu zaidi hata ya alivyotaka rais, alibanwa na wapiga kura wenye hasira kwenye mkutano wake huko Phoenix tarehe 5 Septemba. Siku moja kabla, Kamati ya Mambo ya Nje ya Seneti ilikuwa imepitisha idhini kwa kura 10 dhidi ya 7, lakini kila aliyejua kuhesabu aliona kwamba haitapita kwenye Baraza la Wawakilishi. Tarehe 9, Waziri wa Mambo ya Nje, John Kerry, aliulizwa mjini London ni kitu gani Rais wa Syria, Bashar al-Assad, angeweza kufanya ili asipigwe. Akajibu kwamba angeweza kusalimisha silaha zake zote za kemikali ndani ya wiki moja, ingawa hatafanya hivyo. Mwenzake wa Urusi, Sergey Lavrov, akalidaka neno hilo kabla halijapoa. Kesho yake usiku Obama akaliomba Bunge liahirishe kura, tarehe 14 mkataba wa kusalimisha silaha hizo ukafikiwa Geneva, na kura yenyewe haikupigwa na baraza lolote hadi leo.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha wanadiplomasia: ulimi wa Kerry, wepesi wa Lavrov, tahadhari ya Obama. Wote hao wamo, lakini mlango ambao Lavrov aliupitia ulikuwa wazi kwa sababu Obama hakuwa na kura, na Obama hakuwa na kura kwa sababu wabunge wake walikuwa wametoka likizo wakiwa na masikio yanayouma. Sura hii inadai kwamba kumwandikia kiongozi, au kumpigia simu, ni njia halisi ya kuipinga sera ya kijeshi, ila inafanya kazi kwa namna tofauti na wengi wanavyodhani. Barua ya raia ni nadra kumshawishi kiongozi kwa hoja. Inachofanya ni kumbadilishia hesabu: inamwonyesha nani atamkumbuka, kwa lipi, na lini. Na hesabu hiyo haifungwi siku kura inapopigwa. Barua iliyoshindwa leo huweza kulipwa katika kura nyingine kabisa, miaka kumi baadaye, na mtu ambaye hakuisoma.

Ushahidi mzuri wa jambo hili uko Uingereza, na unaanza na kushindwa. Tarehe 15 Februari 2003 London ilishuhudia maandamano makubwa kuliko yote katika historia yake, watu wakipinga uvamizi wa Iraq, na kwa wiki kadhaa kabla na baada ya hapo wabunge wa chama tawala cha Labour waliandikiwa na kupigiwa na wanachama wao wenyewe. Robin Cook akajiuzulu uongozi wa shughuli za serikali bungeni tarehe 17 Machi. Kesho yake wabunge 139 wa Labour waliasi wakaunga mkono marekebisho yaliyosema kwamba hoja ya vita haijathibitishwa. Hawakufua dafu: marekebisho yaliangushwa kwa 396 dhidi ya 217, na hoja ya serikali ikapita kwa 412 dhidi ya 149, Waziri Mkuu Tony Blair akibebwa na kura za wapinzani wake wa Conservative. Ndani ya siku mbili mabomu yalikuwa yanaanguka Baghdad. Mtu aliyeandika barua mwezi ule alikuwa na kila sababu ya kuchana karatasi iliyobaki.

Lakini tazama kilichobaki. Kwa sheria ya Uingereza, Waziri Mkuu hana haja ya kuliomba Bunge ruhusa ya kupigana. Anatumia mamlaka ya kale ya mfalme. Blair alipeleka hoja ile bungeni kabla ya vita kwa sababu uasi ndani ya chama chake ulikuwa umefika mahali ambapo kutokwenda bungeni kungemgharimu zaidi. Jambo lililofanywa mara moja kwa kulazimika likaanza kuitwa desturi, na mwaka 2011 serikali ya David Cameron ikaitambua kwa maandishi. Ndipo Ghouta ilipotokea. Cameron akawaita wabunge kutoka likizo, na tarehe 29 Agosti 2013, siku mbili kabla ya Obama kusimama bustanini, akashindwa kwa kura 285 dhidi ya 272. Wabunge 30 wa chama chake mwenyewe walimkataa. Katika mjadala ule Cameron alikiri kwamba Iraq ilikuwa imeitia sumu imani ya wananchi. Naye Obama, alipoamua kwenda Kongresi, alikuwa ametoka kumwona rafiki yake wa karibu akianguka. Nisingesema kwamba waandishi wa barua wa 2003 waliizuia vita ya 2013 moja kwa moja; kati yao na kura ile kulikuwa na Iraq yenyewe, maiti zake na uongo uliofichuka. Ninachosema ni kwamba bila uasi wa 2003 pasingekuwa na kura ya kushindwa mwaka 2013. Walioshindwa ndio waliolitengeneza sanduku la kura.

Ili kuelewa ni vipi sauti ya mtu mmoja hufika huko juu, inafaa kuingia ofisini. Mbunge wa Baraza la Wawakilishi la Marekani, mmoja kati ya 435, anawakilisha zaidi ya watu laki saba. Hasomi barua zao. Anayezisoma ni msaidizi kijana, mara nyingi ndio kwanza ametoka chuoni, ambaye akipokea simu huuliza kwanza anayepiga anaishi wapi. Akiwa si wa eneo hilo, heshima humalizika hapo na simu hukatwa. Akiwa wa eneo hilo, jina, jambo na msimamo wake huingizwa kwenye kompyuta, na mwisho wa siku au wiki mbunge huletewa jumla: juu ya jambo fulani wangapi wanataka, wangapi hawataki. Barua ya karatasi imepoteza kasi yake tangu 2001, pale barua zenye kimeta zilipopelekwa kwa maseneta na tangu hapo bahasha zote za Kongresi zikawa zinapitishwa kwenye ukaguzi na mionzi kabla ya kufika mezani. Ndiyo maana vita ya wiki mbili haipingwi kwa stempu. Maneno yaliyonakiliwa kutoka kwa chama cha wanaharakati, yote yakifanana hadi nukta, huhesabiwa kwa rundo. Ujumbe wa mtu aliyeeleza kwa maneno yake kwamba ana kaka jeshini, au kwamba ni mfadhili wa kanisa fulani mjini, hupelekwa ndani. Na kwa kuwa vita vya mbali kwa kawaida havimpigishi mtu simu, watu mia chache katika wiki moja ni tukio ofisini.

Je, jumla hiyo inabadilisha kura, au inampa tu mbunge kisingizio cha kufanya alilokwisha kulikusudia? Wasomi wawili, Daniel Bergan na Richard Cole, walilipima swali hili kwa njia ya majaribio katika Bunge la jimbo la Michigan. Wabunge waligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi walipigiwa simu na wapiga kura wao kuhusu muswada mmoja, wengine hawakupigiwa. Waliopigiwa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuunga mkono muswada huo, kwa tofauti ya takribani asilimia 12. Muswada ulihusu uonevu shuleni, haukuhusu makombora, na mbunge wa jimbo si seneta wa Washington. Mtu asiuchukue utafiti huo kama kipimo cha vita. Lakini unavunja ile imani ya wajuaji kwamba simu hazina kazi kabisa. Utafiti mwingine, wa David Broockman na Christopher Skovron, uliochapishwa 2018, unaonyesha upande wa pili: wanasiasa wa Marekani wa vyama vyote walidhani wapiga kura wao ni wahafidhina kuliko walivyo kweli, na sababu mojawapo ni kwamba wahafidhina ndio waliokuwa wakiwasiliana nao zaidi. Hapa pana jambo zito kwa anayepinga sera ya jeshi. Mbunge hana dirisha la kuona mioyo ya watu laki saba. Anaona wanaobisha hodi. Anayenyamaza akidhani kimya chake ni upinzani, ofisini kimya hicho huandikwa kuwa ridhaa, au hakiandikwi kabisa.

Upinzani wa kwanza dhidi ya hoja hii huja kutoka kwa watu wa serikali, na huja na sura ya hekima. Mambo ya vita, wanasema, yanategemea taarifa za siri. Mwananchi anayepiga simu kutoka jikoni kwake hajui anachokijua rais. Ni kweli hajui. Tatizo ni rekodi ya wanaojua. Agosti 1964 Rais Lyndon Johnson aliliambia Bunge kwamba meli za Marekani zimeshambuliwa mara mbili kwenye Ghuba ya Tonkin. Baraza la Wawakilishi likampa idhini kwa 416 bila hata kura moja ya kupinga, Seneti kwa 88 dhidi ya 2, na shambulio la pili, kama ilivyokuja kubainika, halikutokea. Wayne Morse na Ernest Gruening, maseneta wawili waliokataa, wote walipoteza viti vyao mwaka 1968. Wamarekani zaidi ya 58,000 walipoteza maisha Vietnam, na Wavietnam kwa mamilioni. Mwaka 2003 zilikuwa silaha za maangamizi za Saddam Hussein. Ripoti ya Sir John Chilcot kuhusu Uingereza na vita vya Iraq, iliyotolewa Julai 2016, ilisema kwamba hukumu kuhusu tishio la silaha hizo zilitolewa kwa uhakika ambao haukustahili, na kwamba njia za amani zilikuwa hazijaisha. Siri haikuwapa viongozi hekima katika visa hivyo viwili vikubwa. Iliwapa njia ya kutoulizwa. Mwananchi hana haja ya kujua satelaiti imeona nini ili aulize vita itaishaje, itagharimu nini, na nani atakaa pale baada ya bomu la mwisho, na hayo ndiyo maswali ambayo mwaka 2003 yalikosa majibu.

Upinzani wa pili ni mzito zaidi, na ningependa usipitwe haraka kama wapenda amani wanavyozoea. Simu zile za Septemba 2013 zilipigwa na watu waliokaa salama Ohio na Arizona. Watoto wa Ghouta walikuwa wamekwisha kufa kwa gesi, na waliopona walikuwa wanasubiri mtu awatetee. Kusema "hapana" kulikuwa rahisi kwa msemaji. Wasyria wengi waliompinga Assad waliichukulia siku ile kuwa siku waliyotelekezwa, na vita vikaendelea kwa zaidi ya miaka kumi. Mtetezi wa simu zile anaweza kujibu kwamba mkataba wa Geneva uliondoa Syria takribani tani 1,300 za kemikali za sumu kufikia katikati ya 2014, kazi ambayo makombora yasingeweza kuifanya, kwani ghala la sarini halipigwi bomu bila kuisambaza. Jibu hilo ni la kweli na bado halitoshi: Aprili 2017 sarini ilitumika tena huko Khan Shaykhun, kumaanisha kwamba Assad hakusalimisha yote. Rais Donald Trump akajibu kwa makombora 59 kwenye uwanja wa ndege wa Shayrat, bila kuomba idhini ya mtu, na mwaka uliofuata mashambulizi ya gesi yalikuwa bado yanaripotiwa. Kwa hiyo tuna majaribio mawili, la kutopiga na la kupiga, na hakuna hata moja lililowaokoa Wasyria. Hukumu yangu ni kwamba waliopiga simu 2013 walikuwa sahihi kukataa shambulio ambalo serikali yenyewe ilisema litakuwa dogo na la muda mfupi, kwani shambulio la namna hiyo lingewaachia Wasyria vita ileile. Lakini wengi wao walikata simu wakarudi kwenye mambo yao. Wachache mno walipiga tena kudai wakimbizi wapokelewe au chakula kipelekwe. Anayemzuia kiongozi asipige bomu amejitwika deni kwa wale ambao bomu lingedaiwa kuwasaidia, na deni hilo kwa sehemu kubwa halijalipwa.

Wa tatu ni upinzani wa waliokata tamaa: hata ukishinda kura, mwenye majeshi atapita pembeni. Hapa Yemen inafundisha kuliko Syria, kwa sababu ilichukua muda mrefu na kila hatua iliandikwa. Machi 2015 muungano ulioongozwa na Saudi Arabia ulianza kuishambulia Yemen, na Marekani ikawa inauza mabomu, inatoa taarifa za kijasusi na kuzijazia mafuta ndege za Saudia angani. Hakuna kura iliyokuwa imepigwa. Kikundi kidogo cha wabunge, Ro Khanna kwenye Baraza la Wawakilishi, na Bernie Sanders, Mike Lee na Chris Murphy kwenye Seneti, wakafufua sheria ya mwaka 1973 inayompa mbunge yeyote uwezo wa kulazimisha kura juu ya majeshi yaliyoingizwa vitani bila idhini. Sheria hiyo yenyewe ilitungwa kutokana na Vietnam, na Kongresi iliipitisha kwa kuishinda kura ya turufu ya Richard Nixon. Nyuma ya wabunge hao walisimama Wamarekani wenye asili ya Yemen na makundi kama kamati ya Waquaker inayofuatilia sheria Washington tangu 1943, kazi yao ikiwa moja: kuhakikisha kila seneta mwenye mashaka anasikia sauti za nyumbani kwake wiki ya kura.

Tarehe 20 Machi 2018 walishindwa, 55 dhidi ya 44. Agosti 9 bomu lililotengenezwa Marekani lilipiga basi la wanafunzi huko Dahyan, likaua watoto 40. Oktoba 2 mwandishi Jamal Khashoggi aliuawa ndani ya ubalozi mdogo wa Saudia mjini Istanbul. Simu zilizokuwa zinapigwa kwa miaka mitatu zikapata ghafla masikio yaliyofunguka. Novemba hiyohiyo serikali ikatangaza kwamba haitazijazia tena mafuta ndege za muungano, kabla ya kura yoyote kupita. Desemba 13 Seneti ikapitisha azimio kwa 56 dhidi ya 41, siku ileile ambayo pande za vita zilikubaliana Sweden kuhusu bandari ya Hodeidah. Viongozi wa Baraza la Wawakilishi nao waliogopa kura kiasi cha kulifungia azimio la Yemen mlango kwa kifungu kilichochomekwa kwenye utaratibu wa kujadili muswada wa mbwa mwitu. Ndiyo, mbwa mwitu. Baraza jipya lilipoingia Januari, mlango ukafunguka: Seneti 54 dhidi ya 46 mwezi Machi 2019, Wawakilishi 247 dhidi ya 175 tarehe 4 Aprili. Ilikuwa mara ya kwanza azimio la namna hiyo kufika mezani kwa rais tangu sheria ya 1973 itungwe. Trump akalipigia kura ya turufu tarehe 16, na Mei 2 Seneti ikakosa theluthi mbili za kuishinda.

Aliyekata tamaa atasema: umeona? Nimeona, na nimeona pia kwamba ndege za Saudia zilikuwa zimeacha kujaziwa mafuta na Wamarekani miezi mitano kabla ya turufu hiyo. Kwamba wagombea waliotaka kumrithi Trump walilazimika kutaja msimamo wao juu ya Yemen, nchi ambayo wapiga kura wengi wa Marekani wasingeionyesha kwenye ramani. Na kwamba Joe Biden, wiki mbili tu baada ya kuapishwa, tarehe 4 Februari 2021, alitangaza kuacha kuunga mkono mashambulizi ya muungano. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba kufikia mwisho wa 2021 vita hivyo vingekuwa vimeua watu 377,000, wengi wao kwa njaa na maradhi. Hakuna anayeweza kuitazama namba hiyo na kusema barua zilifika kwa wakati. Zilichelewa. Hata hivyo sijaona njia nyingine iliyofika kabla yao. Na mlango nao hufungwa: Waziri Mkuu wa Uingereza Theresa May aliishambulia Syria Aprili 2018 bila kulisubiri Bunge, na ile desturi iliyozaliwa 2003 ikaanza kuchakaa. Kinachopatikana kwa kuandika hupotea kwa kuacha kuandika.

Yote haya yanadhani jambo moja ambalo msomaji wa Afrika Mashariki atakuwa amekwisha kuligundua: kwamba anayeandikiwa ana kitu cha kupoteza kwa aliyeandika. Novemba 1914, miezi miwili baada ya Waingereza na Wajerumani kupigana Karonga kaskazini mwa Ziwa Nyasa, mchungaji John Chilembwe aliliandikia gazeti la Nyasaland barua ya kupinga Waafrika kupelekwa kufa katika vita ambavyo si vyao. Aliuliza kwa nini wasiende kwanza matajiri, wenye mabenki, wenye vyeo na walowezi, na akakumbusha damu ambayo watu wake walikwisha kuimwaga katika vita vya wakubwa huko nyuma. Kama hoja, ni nadra kusoma barua bora kuliko hiyo juu ya sera ya jeshi. Serikali ililizuia toleo hilo. Hapakuwa na kura, hapakuwa na mbunge, hapakuwa na mtu ofisini ambaye jumla ya Waafrika wa Nyasaland ingemharibia hesabu. Januari 23, 1915 Chilembwe aliongoza uasi wa silaha, na mapema Februari alikuwa ameuawa. Wapagazi walioendelea kuchukuliwa kuibebea mizigo kampeni ya Afrika Mashariki walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao waliuawa na njaa na kuhara.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mtu wa Nairobi au Dodoma leo ni mlango uko wapi. Katiba ya Kenya ya 2010 imeuchora waziwazi: ibara ya 95 inalipa Bunge la Taifa kazi ya kuidhinisha tangazo la vita, ibara ya 240 inataka idhini ya Bunge kabla ya majeshi kupelekwa nje ya nchi, na ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kuliletea Bunge ombi juu ya jambo lolote lililo ndani ya mamlaka yake. Hata hivyo Oktoba 2011 majeshi ya Kenya yalivuka kwanza kuingia Somalia, mjadala ukafuata. Ibara isiyo na watu wanaoipigia simu ni karatasi, na Wakenya waliojitokeza kuuliza mwezi ule walikuwa wachache, kwa sababu utekaji nyara wa wageni huko Lamu ulikuwa umewakasirisha wote kwa haki.

Tanzania ina mlango wa namna nyingine. Ibara ya 44 ya Katiba inampa Rais uwezo wa kutangaza hali ya vita, kisha inataka Spika aitishe Bunge katika siku zisizozidi 14 ili lifikirie kuunga mkono tangazo hilo. Barua ya mwananchi huko inakuja baada ya baruti. Tena vita vingi vya siku hizi havitangazwi. Askari wa Tanzania waliingia Kongo mwaka 2013 katika kikosi maalumu kilichoundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, na tarehe 7 Desemba 2017 wasiopungua 14 waliuawa kwenye kambi yao ya Semuliki, Kivu Kaskazini. Ujumbe kama huo hauhitaji tangazo la vita, kwa hiyo zile siku 14 hazianzi kuhesabiwa kamwe. Mtu anayetaka kuuliza vikosi vina vifaa gani, vinakaa hadi lini na vinatimiza lengo gani hana budi kutafuta kalenda nyingine, na kalenda hiyo ipo: kila mwaka Wizara ya Ulinzi husimama bungeni kuomba fedha katika mkutano wa bajeti unaoanza Aprili na kumalizika Juni. Kabla ya hapo makadirio yake hupitiwa na kamati ya Bunge inayoshughulikia mambo ya nje, ulinzi na usalama, yenye wajumbe wachache ambao kila mmoja ana wapiga kura wake. Barua inayofika mezani kwao Februari, ikiwa na swali moja na jina la kata anayotoka mwandishi, ina nafasi ya kuwa swali la mjumbe. Ikifika Julai, fedha zimekwisha kupitishwa.